Mbwa wa Katekista

Kwa miaka mingi kijiji chetu hakikuhitaji saa. Tulikuwa na Katekista. Alfajiri, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni alisimama nje ya kigango, kanisa letu dogo, akashika kipande cha nondo na kuigonga rimu ya lori iliyoning'inia kwa mnyororo, na sisi tukajua la kufanya: kuamka, kubandika maji ya ugali, kuita watoto. Kuna mwaka malaria ilimlaza siku nne. Watu walichelewa kurudi kutoka kwenye majaruba ya mpunga, jua limeshazama, wakaja kumlaumu yeye badala ya kuilaumu malaria.

Namwita Katekista kwa sababu sikusikia mtu akimwita vinginevyo. Hata mkewe, Mungu amrehemu, alimwita hivyo wakiwa wawili tu jikoni. "Katekista, kuni zimeisha." Habari za ukoo wake na alikozaliwa watasimulia wenye kuzijua. Mimi nilimjua kwanza kwa fimbo yake, halafu kwa mbwa wake, na katikati hapo ipo miaka zaidi ya thelathini ya kuishi jirani naye, uzio wa matete ukitutenganisha.

Alikuwa na mambo yake. Kwenye baiskeli alipanda mlima akikanyaga pedali kwa nguvu zote, lakini akifika kwenye mteremko anashuka na kuisukuma. Ukimcheka anakujibu, "Mlima nauona. Mteremko unanidanganya." Alivaa katambuga za tairi hata siku padri alipokuja. Alihubiri juu ya upole Jumapili asubuhi, na mchana wa Jumapili hiyohiyo akagombana na kwaya kuhusu kinanda mpaka mshipa wa shingo ukamtoka. Aliwahi kumtoa nje ya kanisa mama mtu mzima kwa sababu simu yake iliita wakati wa somo. Aliogopa ng'ombe. Sijui kwa nini, lakini nilimwona kwa macho yangu akikatisha katikati ya shamba la mahindi, na kanzu yake ya ibada mkononi, ili asipishane na kundi la ng'ombe njiani.

Na alikuwa na neno lake moja: "Tuanze upya."

Neno hilo nilikuwa nikilichukia. Nilipokuwa na miaka tisa nilisoma mafundisho ya komunyo ya kwanza kwake, sisi watoto kumi na wawili kwenye mabenchi ya udongo. Sala zote nilizijua isipokuwa sala ya kutubu. Nilikuwa naanza vizuri, nafika mahali ambapo mtu anaahidi kutorudia dhambi, halafu kichwa kinakuwa cheupe. Katekista alikuwa na fimbo ya mti wa mpera. Akinichapa kwenye vidole anasema, "Tuanze upya." Naanza, nafika palepale, nakwama. Fimbo. "Tuanze upya."

Mwaka ule padri alikuja, wenzangu wakapokea, mimi nikabaki benchi la nyuma. Mama alikuwa ameshanishonea gauni jeupe. Mwaka uliofuata, nilipokubaliwa, gauni lilinibana kwapani, akalivaa mdogo wangu, na mimi nikapokea komunyo nimevaa gauni la kuazima. Mtu anaweza kusema hilo ni jambo dogo. Mimi nasema sikulisahau.

Mbwa alikuja nikiwa mama wa watoto watatu, nauza vitumbua mbele ya ofisi ya kijiji. Katekista alikuwa ametoka kuendesha ibada kwenye kigango cha mbali, njia ya Kasansa. Alipita kwenye boma ambalo wafugaji walikuwa wamelihama, akasikia kitu kinalia. Alikuta mbwa kijana, miguu mirefu kuliko mwili, amefungwa kwenye nguzo kwa waya. Waya ulikuwa umeingia kwenye nyama ya shingo. Akaukata kwa koleo la baiskeli, akamzungushia mbwa kanzu yake nyeupe ili asing'ate, akamfunga kwenye keria. Aliingia kijijini anasukuma baiskeli, kanzu ina damu na matope, na kichwa cha mbwa kimechomoza kwenye mkono wa kanzu. Jumapili iliyofuata aliongoza ibada akiwa na kanzu hiyohiyo. Madoa hayakutoka, na yeye hakueleza.

Kwetu mbwa hupewa majina ya kumsema jirani. Shemeji yangu ana mbwa anaitwa Mtachoka, na ukoo mzima unajua ni nani atakayechoka. Tulisubiri tuone Katekista atamsema nani. Akamwita Kasansa, basi, kwa sababu alimwokota njia ya Kasansa. Wenyeji wa huko waliokuja mnadani hawakupenda hata kidogo. "Hivi Katekista, sisi ni mbwa?" Akawajibu, "Angekuwa mtoto mngefurahi. Subirini, atawapa heshima."

Heshima ilichelewa. Nadhani mbwa akiwa mchanga anaogopa, akiwa mzee anatulia, ila katikati hapo ana ujinga wa vijana wote duniani. Kasansa alitafuna kitabu cha nyimbo kuanzia nyimbo za Majilio mpaka Kwaresima. Alikula katambuga moja, Katekista akavaa ndala upande mmoja kwa wiki mbili. Aliwarukia wazee kifuani. Alivuta mashuka kwenye kamba za kuanikia. Na ukimshikia kamba tu, hata ya kufungia kuku, alilia kama anachinjwa, akajikojolea, akang'ata. Shingo yake ilikuwa na kovu la mviringo lisiloota manyoya.

Kisha akaua bata wangu wawili. Hawakuwa bata wa kuchezea: mmoja alikuwa amelalia mayai. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji siku hiyohiyo, na bata mmoja mkononi. Nitasema ukweli kwa kuwa sasa ni mtu mzima: nilipokuwa naeleza habari ya bata, nilisikia pia gauni jeupe likiongea ndani yangu.

Mwenyekiti akamwita Katekista mbele yangu.

"Mzee wangu, mbwa wako hana kamba, hana adabu, na watoto wanapita njia hii kwenda shule."

"Ni kijana tu. Atajifunza."

"Haya. Chanjo ya kichaa cha mbwa itakuja baada ya mavuno. Siku hiyo umlete kwa kamba, umshike mwenyewe, achomwe sindano. Akishikika ni mbwa wako, nasi tutamheshimu. Asiposhikika ni mbwa wa porini, na Bwana Mifugo atammaliza hapohapo. Mama Neema, umeridhika?"

Nikasema nimeridhika. Kesho yake Katekista aliniletea bata jike mmoja na mayai sita. Nikapokea, nikafunga mlango.

Kuanzia kupandikiza mpunga mpaka kuvuna ni miezi michache tu, na miezi hiyo yote nilitazama kupitia matete. Sikuwa na nia njema. Nilitaka kuona atakavyoshindwa, na hasa nilitaka kuona fimbo ya mpera itatoka lini.

Haikutoka. Siku za kwanza aliweka kigoda uani, akakaa amempa mbwa mgongo, akasoma masomo ya Jumapili kwa sauti. Basi. Alisoma, akatupa kipande cha ugali nyuma bila kugeuka, akasoma tena. Mbwa alikuwa akikaa mbali kabisa, karibu na choo. Baada ya wiki nilimwona amelala hatua tatu kutoka kwenye kigoda, anasikiliza waraka kwa Wakorintho.

Kasansa akikosea, Katekista alisimama, akanyamaza mpaka mbwa amemtazama, akasema, "Tuanze upya." Sauti ilikuwa ya mtu anayemkaribisha mgeni. Nilipoisikia mara ya kwanza niliacha kuchambua mchele.

Kumwita arudi nyumbani alitumia rimu. Aliona kwamba yeye mwenyewe lazima aigonge mara tatu kwa siku, basi kila akimaliza kugonga alitoa ugali mfukoni. Mbwa alielewa haraka kuliko sisi tulivyoelewa sala. Rimu ikilia, Kasansa alitokea popote alipo, mabondeni au mnadani, masikio yamelala kwa mbio, akaja kukaa chini wima mbele ya Katekista. Mzee alijisifu kijiji kizima.

Asichokifikiria ni Jumapili. Rimu ililia mara ya pili, tukaingia, tukaanza kuimba, na Kasansa akaja katikati ya mabenchi mpaka mbele, akakaa miguuni pa kanzu yenye madoa, akainua macho. Kanisa lilipasuka kwa kicheko. Kiongozi wa kwaya akasema kwa sauti, "Jamani nyie, huyu ni mbwa au muumini?" Tukamsubiri mzee aliyemtoa mama wa watu nje kwa sababu ya simu. Akaingiza mkono chini ya kanzu, akatafuta mfukoni, akatoa ugali, akampa. "Nilimwita mwenyewe," alisema. "Siwezi kumwita halafu nimfukuze." Kisha akaendelea na ibada.

Shule yetu nayo ina rimu, na masikio ya Kasansa hayakutofautisha dhehebu. Ikilia ya mapumziko, alikwenda kukaa chini yake, watoto wakamrushia makande.

Ila kamba ndiyo ilikuwa kazi. Katekista alichukua mshipi wa kanzu yake, ule wa uzi mweupe wa kujifunga kiunoni, akajivika shingoni mwake. Alikula nao, akalima bustani nao, akaenda dukani nao. Wanawake wa jumuiya wakasema anafanya kitubio. Ikawa habari kubwa: ametenda dhambi gani, ya ukubwa wa kumfanya mjane mwenye umri ule avae kamba hadharani? Wengine walisema ni ulevi wa zamani. Wengine wakataja jina la mjane mwenzake wa ng'ambo ya mto. Mama mmoja alimpelekea kuku wa kumfariji, na Katekista, asiyejua lolote, akashukuru na kumla.

Mimi nilijua, maana nilikuwa naona. Jioni alikaa na Kasansa, akauvua mshipi, akauweka chini ya sahani ya mbwa. Siku nyingine akauweka juu ya mgongo wa mbwa kwa muda wa kumeza mate, akautoa. Kisha shingoni mwake mwenyewe, kisha mgongoni mwa mbwa. Mbwa alikuwa akitetemeka, lakini hakukimbia. Kufika shingoni kulichukua wiki nyingi, na hata hapo hakuwahi kulikaza fundo.

Jioni moja sikuvumilia. Nikasema kupitia matete, "Katekista, mimi ulinichapa."

Akageuka. "Nani?"

"Mimi. Sala ya kutubu. Vidole vilivimba. Mbwa huyu kala kitabu cha nyimbo na unambembeleza."

Akaukunja mshipi mkononi. "Nyie nilikuwa na haraka nanyi, Yustina. Padri alikuwa anakuja mara chache, nilitaka akute watoto wameiva, aniambie nimefanya vizuri."

"Na huyu?"

"Huyu hakuna anayemsubiri."

Hakusema samahani, nami sikumwomba aiseme. Niliingia ndani na hasira zangu zote, nikaunguza maharage.

Siku ya chanjo, Bwana Mifugo alikuja na pikipiki na kisanduku chake cha barafu, akasimama mbele ya ofisi ya kijiji. Watu walikuja na mbwa wao kwa minyororo, kwa katani, kwa vipande vya khanga. Mtachoka alimchosha shemeji yangu mwenyewe, akamburuta mpaka mtaroni. Mimi nilikuwa na beseni langu la vitumbua mahali pangu pa kawaida. Katekista alikuja polepole, goti lilikuwa linamsumbua, na Kasansa akitembea kando yake na mshipi mweupe shingoni. Nilimwona mwenyekiti anatikisa kichwa kwa kukubali.

Wamebakiza mbwa wawili mbele yao, rimu ya shule ikalia mapumziko.

Kasansa aliinua masikio, akavuta kichwa mara moja tu, fundo lisilokazwa likampita, akaondoka. Watu waliruka huku na huku. Mwenyekiti akasema, "Basi, Katekista," kwa sauti ya huzuni ya kweli, na Bwana Mifugo akageukia begi lake jingine, lile la kumaliza mbwa. Katekista alianza kukimbia, goti likakataa, akasimama na mshipi mtupu mkononi. Hakuita. Sijawahi kuona uso wa mtu ukiwa vile.

Kutoka kwenye beseni langu mpaka shule ni kuvuka barabara tu. Kasansa alikuwa amekaa wima chini ya rimu, ametulia kabisa, na mwalimu wa zamu aliyekuwa ameshika nondo alikuwa ameiinua kumpiga. Nikajikuta nakimbia, beseni kichwani.

"Mwalimu, usimpige! Hana shida, mpe kitu!"

"Nimpe nini sasa, mama?"

Nikampa mimi. Kitumbua kimoja. Akala, akakaa wima, akanitazama. Cha pili. Katekista alikuwa ndiyo kwanza anafika barabarani, anachechemea. Cha tatu. Nilikuwa namwambia mbwa aliyekula bata wangu, "Kaa baba, kaa, anakuja." Machozi yalikuwa yananitoka na sijui nilikuwa namlilia nani. Vitumbua vinane vilikwenda mpaka mzee akafika, na nyuma yake mwenyekiti, Bwana Mifugo na nusu ya kijiji.

Katekista alipiga goti zima chini, lile bovu likabaki limenyooka pembeni. Akajivika mshipi shingoni mwake kwanza. Mbwa akautazama. "Tuanze upya," alisema. Kasansa akainamisha kichwa mwenyewe, mshipi ukaingia, na Katekista akamkumbatia kifuani kwenye shati jeupe la kutokea. Sindano ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

"Lakini mimi nilisema ashikwe kule ofisini," mwenyekiti akaanza.

"Ameshikwa hajashikwa?" nikamuuliza. "Mlalamikaji ni mimi. Nimeridhika."

Bwana Mifugo akacheka, akatoa kadi. "Jina la mbwa?"

"Kasansa," tukasema wengi pamoja. Hata mwalimu alisema.

Miaka imepita. Sasa tuna katekista mwingine, kijana mwenye simu kubwa, anayegonga rimu kwa saa ya kwenye simu na bado anachelewa. Yule wetu tunaendelea kumwita Katekista, na kijana tunamwita kwa jina lake, jambo analolivumilia vizuri. Kasansa amekuwa mzito na mwenye heshima zake. Watu wa Kasansa wakija mnadani siku hizi wanampitia kumsalimu.

Mwaka huu, Jumamosi moja baada ya kumaliza kuuza, nilimpelekea mzee vitumbua viwili. Alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, blanketi mapajani. Macho yake hayaoni vizuri, lakini alinijua kwa hatua.

"Shikamoo, Katekista."

"Marahaba, Yustina. Kaa." Nikakaa kwenye mkeka. Mbwa akasogea, akaniwekea kidevu mguuni. Tuliongea habari za mpunga na viboko walioingia mashambani. Halafu, bila kubadili sauti, akauliza, "Ile sala uliimaliza?"

Nilijua sala gani. Kila Jumamosi ya kitubio naisema na wenzangu, nikipitia katikati ya sauti zao. Peke yangu, mbele yake, sikuwahi kuisema tena tangu nikiwa na miaka kumi.

"Isome," alisema.

Nina wajukuu wawili. Nikaisoma. Nilianza vizuri, nikafika pale penye ahadi, na kichwa kikawa cheupe vilevile. Vidole viliniuma, nawaapia. Nikasema haraka, kabla hajasema yeye, "Tuanze upya."

"Hapana," alisema. "Mwanzo unaujua. Kaa hapohapo."

Akasubiri. Hakunisaidia neno hata moja, wala hakugeuza uso. Kijana akagonga rimu kule kigangoni, amechelewa kama kawaida, Kasansa akainuka taratibu akaenda, akarudi, akalala tena. Mzee bado alikuwa anasubiri, mikono juu ya blanketi, kama mtu ambaye mchana wote ni wake. Nilipumua. Maneno yakaja, moja, halafu mengine, mpaka amina.

"Vizuri," alisema, kwa sauti ileile ya uani ambayo nilikuwa nimeisikiliza kupitia matete. Akapapasa sahani, akakata kipande cha kitumbua, changu mwenyewe, akaninyooshea.

Nikakipokea kwa mikono miwili. Nikakila chote, nikajifuta vidole kwenye khanga, nikaendelea kukaa.